Upande wa pili wa +'Justments

Mjomba wangu alikuwa baharia kwa zaidi ya miaka 20. Alipoacha meli alirudi Mombasa na sanduku la bati, mazulia mawili na santuri 43 alizozinunua bandari hadi bandari. Mwaka 2008 alihamia Malindi kwa bintiye, akaniita nikazichukue santuri zile pamoja na pleya yake, kwa sababu mimi ni fundi wa friji na aliamini fundi ni fundi, hataacha mashine ife mkononi mwake. Nilipokuwa nikizifunga kwa kamba akaniambia, "Baba, hizi usizidonoe kama kuku. Santuri husikilizwa mpaka mwisho." Nikasema ndiyo mjomba, nikazipakia kwenye tuktuk, nikaenda zangu.

Nikazidonoa miaka 12.

Zilikuwamo tatu za Bill Withers, mwimbaji wa soul wa Marekani. Mbili nilizijua kabla sijazigusa: Just As I Am ya 1971, yenye "Ain't No Sunshine", na Still Bill ya 1972, yenye "Lean on Me" na "Use Me". Ya tatu iliitwa +'Justments, ya 1974. Nikaigeuza nyuma kutafuta wimbo ninaoujua, sikuuona. Nikaiweka kwenye pleya. Wimbo wa kwanza, "You", unakwenda zaidi ya dakika 5, na kwa sikio langu la siku ile ulikuwa mtu analalamika tu juu ya mdundo mmoja unaozunguka, bila kiitikio cha kuimba naye. Nikainua sindano. Nikairudisha santuri kwenye jalada lake, nikaipeleka nyuma kabisa, baada ya zile za Kifaransa ambazo mjomba mwenyewe nadhani alizinunua kwa picha.

Sasa nieleze ilivyokuwa mpaka nikairudia.

Mwaka 2019 mimi na mke wangu tuliachana. Tulikuwa na miaka 9 ya ndoa na binti mmoja. Kabla ya talaka kilikaliwa kikao, kama ada: wazee wa upande wangu, wazee wa upande wake, kahawa chungu, haluwa, milango imefungwa. Nikapewa nafasi ya kwanza. Mimi ni mtu wa maneno. Kazi yangu yenyewe ni kuingia nyumba za watu na kuwaeleza kwa nini kompresa imekufa na kwa nini bei ni ile. Nilizungumza karibu saa nzima. Nilipanga hoja, nikataja tarehe, nikataja pesa, nikakumbusha safari za hospitali nilizompeleka mama yake. Alipopewa nafasi yeye, alisema sentensi tatu au nne. Wazee walinielekea mimi. Mzee mmoja wa upande wake hasa alinishika mkono mlangoni akasema, "Umesema, kijana." Nilitoka pale kifua mbele. Kwa miezi mingi niliamini kwamba ushahidi wa haki yangu ni kuwa nilikuwa na mengi ya kusema na yeye hakuwa nayo.

Mwisho wa Machi 2020 kafyu ya korona ilianza Kenya nzima, saa 1 usiku mpaka alfajiri. Kazi zikakauka, watu waliogopa kuingiza fundi ndani. Nilikuwa peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Tudor, Mombasa. Bill Withers alifariki Los Angeles tarehe 30 mwezi ule ule, na habari ilipotufikia siku chache baadaye, kila simu ilikuwa inapiga "Lean on Me". Ulikuwa wimbo wa kufaa kwa majira yale, nami niliupiga kama wengine. Kisha nikaona haya kidogo. Mtu huyu nimemsikiliza tangu ujana, na santuri yake moja nimeifukuza baada ya dakika 5. Nikaenda nyuma kabisa ya rafu.

Mara hii, kabla ya kuipiga, nilisoma jalada. Kuna maneno ya Withers mwenyewe pale, na nitayaeleza kwa maneno yangu. Anasema uhai ni zawadi, na kama zawadi yoyote ya thamani, unahitaji kutunzwa. Tutakosea, katika kuhukumu na katika kutenda. Wako tutakaowasaidia na wako tutakaowaumiza, na vyote viwili tutaachiwa tuishi navyo. Kwa hiyo itatubidi tufanye marekebisho, au kama wanavyotamka wazee wa kwao, 'justments. Kwao ni Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, alikozaliwa mwaka 1938. Ile alama ya juu mwanzoni mwa jina ni silabi iliyomezwa na wazee. Mtu mwingine angeisahihisha iwe Kiingereza cha shule. Yeye akaiandika walivyoisema.

Ukijua habari zake, hili halikushangazi. Withers alikuwa na kigugumizi mpaka akafika miaka 28. Alitumikia jeshi la majini miaka 9. Alihamia Los Angeles mwaka 1967, akawa mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege, na hata picha ya jalada la albamu yake ya kwanza ilipigwa hapo kazini, kashika kisanduku chake cha chakula. Alikuwa amepita miaka 30 alipotoa albamu hiyo. Mtu aliyeteswa na ulimi nusu ya ujana wake hujua bei ya neno moja, na ndiyo maana hakuna pambo katika mashairi yake. Nimewasikia watu wakisema nyimbo zake ni rahisi. Jaribu kuandika moja.

Basi nikaanza tena na "You". Jina lake tu ni "Wewe", na ndivyo ulivyo: wewe ulifanya hivi, wewe ulisema vile, kidole kimenyooka mwanzo hadi mwisho. Safari hii sikuinua sindano, kwa sababu niliitambua sauti ile. Ilikuwa mimi kikaoni. James Gadson yuko kwenye ngoma, anapiga visahani kwa mkono mwepesi usiochoka, Melvin Dunlap anazungusha besi chini yake, Ray Jackson kwenye kinanda, Benorce Blackmon kwenye gitaa. Ni wale wale waliopiga naye Still Bill, watu waliotoka bendi ya Watts 103rd Street Rhythm Band, na wanajua jambo gumu kuliko yote katika fanki, ule muziki wa mdundo wa Wamarekani weusi: kukaa pale pale. Mdundo hauendi popote, na nilichokiona mwaka 2008 kuwa upungufu ndicho kiini chenyewe. Mtu mwenye lawama haendi popote. Anazunguka. Waliupiga mduara wenyewe.

Unaofuata ni "The Same Love That Made Me Laugh". Jina ni nusu ya sentensi: penzi lile lile lililonichekesha; nusu iliyobaki, kwamba ndilo sasa linaniliza, inakuja ndani ya wimbo. Kisha inakuja "Stories", na hapo ngoma zinaondoka kabisa. Amebaki yeye na piano na kinubi cha Dorothy Ashby, mwanamke wa Detroit aliyeingiza kinubi katika jazi wakati wengine wakikiona chombo cha harusi za matajiri. Kwa sikio lililolelewa na taarabu, kinubi kile kilinikumbusha ganuni ya Unguja, ule mteremko wa nyuzi unaomwagika kama maji ya mtungi. Wimbo unasema kila mtu ana hadithi yake, mkubwa na mdogo. Nilisimama jikoni na bakuli mkononi. Ni wimbo wa tatu tu, na mtu aliyeanza kwa kunyoosha kidole ameshaanza kusema kwamba kuna hadithi zaidi ya yake.

"Green Grass" na "Ruby Lee" zinafunga upande wa kwanza. Ya pili ina besi ya kutisha. Ya kwanza bado haijaniingia, miaka imepita na bado.

Nikageuza. Na hapa nitazungumza kama fundi. Santuri huonyesha maisha yake. Sindano inapopita mara nyingi mahali pamoja huimaliza mifereji, na utasikia mchakacho kama mafuta ya moto yakitiwa kitunguu. Upande wa kwanza wa santuri ile ulikuwa safi, karibu mpya. Upande wa pili ulianza safi pia na "Heartbreak Road", wimbo mchangamfu kuliko jina lake. Kisha ukaingia wimbo wa pili, na mchakacho ukajaa chumba. Nikaangalia chini ya taa: pete moja ya kijivu, iliyochakaa, katikati ya weusi unaong'aa. Mjomba alikuwa ameupiga wimbo mmoja huu pengine mara mamia, yeye aliyenikataza kudonoa. Ulikuwa "Can We Pretend".

Nikasoma jina la mtunzi. Albamu nzima karibu yote ni ya Withers, peke yake au na wapigaji wake. Wimbo huu umetungwa na Denise Nicholas.

Denise Nicholas alikuwa mwigizaji, aliyejulikana Marekani kwa tamthilia ya televisheni ya Room 222. Alikuwa pia mke wa Bill Withers. Walioana mwaka 1973 na ndoa ikafika mwisho mwaka 1974, mwaka ule ule santuri hii ilipotoka. Kwa hiyo ndani ya albamu iliyojaa ndoa inayovunjika, mbele ya dunia nzima, mume anasimama kwenye maikrofoni na kuimba maneno ya mkewe. Na maneno hayo hayajibu mashtaka. Yanaomba: tunaweza kujifanya kwamba maumivu yamekwisha, kwamba ndio kwanza tumekutana leo na jana zote zimefutika? José Feliciano, yule mpiga gitaa kipofu mzaliwa wa Puerto Rico, ndiye anayepiga gitaa, na anapiga kwa unyenyekevu, kana kwamba ameingia chumba chenye mgonjwa. Withers haongezi kitu. Hapazi sauti mahali ambapo mwimbaji mwingine angepaza. Anayatamka kama mtu anayesoma barua ambayo hakuiandika na hataki kuiharibu.

Sijui kama alijua anachokifanya, na hainihusu. Ninachojua ni kilichonipata mimi. Nilikumbuka sentensi tatu au nne za mke wangu kikaoni, na nikagundua kwamba sizikumbuki. Nilikumbuka za kwangu zote, kwa mpangilio wake, pamoja na tarehe. Za kwake, hata moja sikuibakisha kichwani. Miaka 9 nimeishi na mtu, na siku aliyopewa nafasi ya kusema mbele ya wazee mimi nilikuwa nasubiri amalize.

Usiku ule niliipiga santuri mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. "Liza" ni bembelezo tupu, sauti na kinanda. "Make a Smile for Me" ni ombi dogo la mtu anayejua hapewi kubwa. Halafu, ukidhani ataishia kwenye huzuni, "Railroad Man" inaondoka kama jina lake, treni ya zaidi ya dakika 6, bendi yote imerudi na ngoma za kongas juu. Wapenzi wa fanki ambao hawana habari na albamu hii waanzie hapo kama hawana subira. Lakini nitawasihi wawe na subira.

Kwa nini iliachwa nyuma ya rafu, na si yangu tu? Sababu nyingine ni za biashara. Sussex, kampuni ndogo ya santuri ya Clarence Avant iliyomtoa Withers, ilikuwa inazama, na mwaka 1975 ikafa. Withers akachukuliwa na kampuni ya Columbia, akatoa "Lovely Day" mwaka 1977, kisha ikaja "Just the Two of Us" na mpiga saksafoni Grover Washington Jr., na redio ikapata vya kutosha. Ile ya 1974 ikabaki bila mwenyewe wa kuipigia debe, na kwa miongo mingi haikupatikana hata kwenye sidii. Mwaka 2012 albamu zake zote 9 za Sussex na Columbia zilikusanywa katika sanduku moja, nayo imo, na leo ukiitafuta mtandaoni utaipata ndani ya dakika moja. Sababu nyingine, kwa maoni yangu, ni kwamba haina wimbo unaoweza kuung'oa ukasimama peke yake harusini au kanisani. "Lean on Me" unaweza kuimbwa na shule nzima. Nani ataimba "You" na shule nzima? Wimbo ule unahitaji "Stories" uufuate, na "Stories" unahitaji "Can We Pretend" ugeuze upande. Ukiudonoa, unabaki na lawama tu.

Mwezi Agosti, kafyu ikiwa imeshalegezwa, nilivuka feri kwenda Likoni kumchukua binti yangu kama kawaida ya Jumamosi. Kawaida yangu ilikuwa kusimama uani, kubisha hodi, kumpokea mtoto, kuondoka. Siku ile nilimwomba mama yake tuzungumze. Akaniangalia. Nikamwambia, "Siku ile ya kikao nilisema peke yangu. Nimekuja kusikia yako. Sitajibu." Akanyamaza muda mrefu, kisha akaniletea kiti.

Alianza baada ya alasiri na muadhini akaadhini magharibi hajamaliza. Mengi ni yetu, hayaandikwi. Moja nitaliandika kwa ruhusa yake. Alisema, "Friji yetu ilikufa Februari. Ulikuwa ukitoka asubuhi kwenda kutengeneza za watu, ukirudi usiku unanieleza ya nani uliitia gesi na ya nani ulibadilisha kompresa. Mimi nilikuwa nanunua barafu ya shilingi 20 kwa jirani niweke maziwa ya mtoto. Mpaka Septemba." Kisha akasema, "Nililisema hilo kikaoni." Na ni kweli. Ndiyo mojawapo ya zile sentensi tatu au nne.

Nilikuwa nimeahidi kutojibu, nikatimiza, ingawa ulimi ulikuwa na majibu sita tayari. Hatukurudiana. Ana mume sasa, mtu mwema, na binti yetu anavuka feri huku na huku bila kubeba maneno ya mtu. Tunazungumza, mimi na mama yake, kama watu waliolea kitu kimoja. Kabla ya Agosti ile hatukuwa na hilo.

Baadaye nilipata kuona filamu ya Soul Power, iliyotoka mwaka 2008 kutokana na picha zilizopigwa Kinshasa mwezi Septemba 1974, kwenye tamasha lililoandaliwa pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano lenyewe likasogezwa mpaka 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho, lakini muziki uliendelea siku tatu. Walikuwapo James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Katikati ya moto huo wote, Withers ameketi peke yake na gitaa, jasho linamtiririka, anaimba "Hope She'll Be Happier", wimbo wa mtu anayemtakia mema mwanamke aliyemwacha. Ni wimbo wa albamu yake ya kwanza, aliuandika kabla ya ndoa ile. Lakini yeye anauimba mwaka 1974, mbele ya maelfu, kwenye uwanja wa nchi ya mbali, na ukiyajua ya mwaka huo huwezi kuitazama sura yake kwa urahisi. Niliirudisha sehemu hiyo mara nyingi.

Mwaka jana niliipeleka santuri Malindi. Mjomba amepita miaka 80, masikio yamepungua, anaketi barazani na kofia yake ya vito na kikombe cha tangawizi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba baba, umekuja na nini?" Nikamwonyesha jalada. Akalishika kwa mikono miwili, akalipapasa pale pembeni lilipochanika. Nikamwuliza kwa nini wimbo ule mmoja umechakaa vile. Mkaza mjomba wa kwanza, ambaye mimi sikumjua, aliondoka yeye akiwa baharini. Hilo tulilisikia utotoni kwa minong'ono.

Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Akasema, "Niliinunua Rotterdam. Nilipofika nyumbani hakuwapo. Nilikaa likizo nzima naipiga, nangoja."

Nilikuwa nimebeba pleya, nimeitia mkanda mpya. Nikaunganisha umeme, nikaweka upande wa kwanza, nikatoa sauti. Mjomba akasogeza kiti, akaweka kiganja juu ya spika ili aipate besi. Tukaanza na "You", dakika zake zote 5, hakuna aliyesema neno. "Ruby Lee" ilipokwisha nikainuka kugeuza, naye akaniashiria kwa mkono nikae, akaigeuza mwenyewe.